Shangazi Chaja Anajibu

*Shangazi, shikamoo. Nimemnunulia mwanangu Switch kwa mtu niliyempata Kijiji, lile soko la mtandaoni. Tulikutana nje ya stesheni ya Kennedy, akanipa na doki juu. Kila nikichomeka, televisheni nyeusi tii. Nimetapeliwa? Mama Mapacha, Scarborough*

Marahaba. Hiyo itakuwa Switch Lite ya mwaka 2019. Haitoi picha kwenye televisheni: si kwa doki, si kwa waya, si kwa dua. Hata kontrola zake hazichomoki. Doki uliyopewa inafaa Switch ya 2017 na ile ya OLED ya 2021, kwa hiyo iuze. Ukirudi sokoni, usidanganyike na sura. Tangu Agosti 2019 iliuzwa Switch ileile kwa macho, ila chipu yake haili sana chaji: hukaa saa 4.5 hadi 9, na ya mwanzo 2.5 hadi 6.5. Igeuze usome mgongoni: ya mwanzo HAC-001, ya pili HAC-001(-01). Muuzaji akisema maandishi yamefutika, panda basi urudi nyumbani.

*Nimenunua Switch 2. Nitumie memori kadi na kontrola za zamani? Baba Bahili, Etobicoke*

Kontrola zitaunganika bila waya kwa gemu za Switch ya kwanza, ila ubavuni hazinasi. Doki ya zamani haifai. Memori kadi ya kawaida itahamisha picha na video tu; gemu zinataka microSD Express. Toa pesa, Baba.

*Nampelekea mpwa wangu Mombasa 3DS ya binti yangu pamoja na chaja. Nimeshanunua plagi ya kugeuza pini, ya miguu mitatu. Nifunge mzigo? Mjomba, Dixon Road*

Usifunge! Plagi hiyo inageuza pini, umeme haiugusi. Chaja ya 3DS iliyouzwa huku Amerika Kaskazini imeandikwa 120V. Kenya ni 240V. Mtoto atachomeka kwa furaha, patanuka moshi, na shangazi zake wote watasema mjomba wa Kanada kaleta kitu kibovu. Chaja ya Switch ni 100–240V, ingesafiri popote, lakini kwenye tundu la 3DS haiingii. Mnunulie waya wa USB wa 3DS, autumie kwa chaja ya simu ya hukohuko. Mwenye duka akiwa hana wa 3DS, wa DSi unaingia vilevile. Wa DS Lite hauingii, hata akikuapia. Halafu weka kaseti za kutosha kwenye mzigo, kwa sababu 3DS ya huku haifungui kaseti zilizouzwa Ulaya wala Japani. Switch haina ubaguzi huo.

Na wewe wa North York unayeniandikia kila wiki kuhusu PSP Go ya 2009 na rundo lako la diski za UMD: haina pa kutia diski. Haijawahi kuwa napo.