Sifa za Mchomoko

Waimbaji wa enanga waliwasifu wafalme wa Kihaya, na washairi wa pwani wakayasifu majahazi. Mchomoko peke yake haujapata wa kuusemea, na kwa kuwa mwaka wa pili huu unanichukua kila alfajiri kutoka Muhutwe, wilayani Muleba, kunipeleka chuoni Bukoba, hata goti langu la kushoto limekwisha kusahau namna ya kukunjuka, naona si insafu mtu mwingine anitangulie katika jambo hili.

Mchomoko, kwa asiyeujua, ni gari dogo la Kijapani, aghalabu Probox, ambalo Toyota ilianza kuliuza mwaka 2002 likusudiwe kuchukulia mizigo ya wenye biashara. Na waliolibuni hawakukosea, maana mizigo ndiyo sisi. Halina takaburi, halinywi mafuta mengi, na ule ninaoupanda mimi mlango wake wa nyuma hufungwa kwa kamba ya mgomba, hivyo ufundi wa Japani na wa Buhaya vikakutana mahali pamoja.

Fadhila hizo nazipita mbio, kwa sababu iko moja inayozishinda zote, nayo ni ilimu yake ya hesabu. Wanafalsafa tangu zama za Wayunani wamesumbuka na suala la kitu kisicho na ukomo, wakaandika vitabu na kufa pasipo kuafikiana, ilhali mpiga debe wa Muhutwe amelimaliza kwa maneno mawili: "Mmoja tu." Gari lina viti vitano. Tukiwa watano, anahitajika mmoja tu. Tukiwa saba, dereva akiwa amekwisha kugawana kiti chake na mwalimu wa shule ya msingi, hata gia ikawa inaingizwa kwa ridhaa ya wawili, bado anahitajika mmoja tu. Nikiwa nimepakata mkungu wa ndizi usio wangu, na mwenye mkungu amenipakata mimi, yule mpiga debe huchungulia ndani kwa jicho la mtu atazamaye ukumbi mtupu, akapiga paa kwa kiganja na kusema, "Mmoja tu, waitu, tunaondoka." Baada ya tafakuri ndefu nimefahamu kwamba huyo mmoja hamo katika idadi ya wanadamu, yeye ni kama upeo wa macho ziwani, ambao kadiri mtumbwi unavyoukaribia ndivyo unavyosogea. Nasi Wahaya, ambao nchi nzima hutuita nshomile kwa ajili ya kupenda kwetu kutaja tulikosoma, twalistahili mno somo hili, kwani sijapata kumsikia mtu akitaja shahada yake ilhali kiwiko cha jirani kimo kinywani mwake.

Msomaji ataniuliza kwa nini nisiende kwa gari langu. Nilikuwa nalo: Corolla kuukuu niliyoachiwa na mjomba, ambayo aibu yake ilikuwa moja tu, kwamba ilitaka mahali pa kusimama. Bukoba ni mji uliochipuka kutokana na kituo alichokianzisha Emin Pasha mwaka 1890, naye hakutudhania sisi wenye Corolla. Nikiegesha karibu na soko, kijana mwenye mashine huipiga picha namba yangu, na deni hunifikia kwa simu, nami nalipa. Nilidaiwa hata siku ambayo gari lilikuwa gereji, injini imetolewa. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa mfumo haukosei. Nikasema injini iko juu ya meza ya fundi, na niko tayari kuileta. Nikaambiwa nilipe kwanza, kisha ndipo nilalamike, na nifanye haraka kwa sababu faini inapanda. Faini! Gari halina injini, limefikaje sokoni?

Naomba radhi, nilikuwa nausifu mchomoko.

Basi nikaazimia kuegesha chuoni. Chuo chetu, ambacho sikitaji jina maadamu matokeo yangu hayajatoka, kina uwanja mpana uliopigwa mistari myeupe, na kila nafasi ina kibao chake: Mkuu wa Chuo, Naibu, Naibu wa Pili, Mhasibu, Mgeni Rasmi. Wanafunzi tuna mteremko wa udongo mwekundu nyuma ya jiko, na kwa mvua za Bukoba, ambazo kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, gari huachwa juu asubuhi likakutwa chini jioni. Nafasi ya Mgeni Rasmi hukaliwa siku moja kwa mwaka, siku ya mahafali. Siku nyingine zote hulala mbuzi wa mlinzi, jike jeusi lililokatika ncha ya sikio, na hapana amfukuzaye.

Asubuhi moja ya masika, nikimkimbilia mhadhiri ambaye hutufungia mlango kwa dakika nne za kuchelewa (yeye huchelewa saa nzima, lakini ana kibao), nilimwendea mlinzi nikamwomba kwa taadhima niegeshe pale kwa mbuzi, japo nusu saa.

"Mwanangu waitu," akasema, huku akimsogezea mbuzi matembele, "hapo pana mwenyewe."

Nikamwuliza mgeni huyo anakuja lini. Akaitazama barabara kwa kitambo.

"Akija tutaambiwa."

Corolla niliiuza mwezi uliofuata. Aliyeinunua ameifanya mchomoko. Juzi ilinichukua kutoka Kemondo, nikapewa kiti changu kile kile cha dereva, nusu yake, na kabla hatujaondoka tulimngoja mmoja.