Kauli Nane za Mtu Anayetaka Kuzika Injini Yake

Hapa Mulungwishi, kando ya barabara inayotoka Likasi kwenda Fungurume, kuna elimu ya aina mbili. Moja inatolewa na chuo kikuu cha Wamethodisti. Nyingine inatolewa chini ya boneti, na hiyo haina mitihani, ina mazishi tu. Nimekaa kwenye hiyo ya pili nikiandika maneno ya wateja wanaotaka turbo isukume zaidi. Tuhesabu kurudi nyuma, tukianza na yanayosameheka.

8. “Ongeza kidogo tu, yaya.”
Kidogo cha mwenye gari ni nusu ya geji. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moshi unaotoka unazungusha ya kwanza, ya pili inashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi unaongeza mazutu, mazutu yakizidi unapata nguvu, na nguvu inakuja na joto. Hilo la mwisho fundi hulitaja akishahesabu pesa.

7. “Toa filta, injini ipumue.”
Wakati wa kiangazi, vumbi la huku hata mbuzi analikohoa. Feni ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo chembe ya vumbi ni msasa. Ipumue, sawa, lakini usiinusishe ugoro.

6. “Moshi mweusi ndiyo nguvu!”
Ni mazutu uliyoyalipia yakatoka bila kufanya kazi.

5. “Zima, tushuke.”
Shafti ya turbo inaelea juu ya oili. Umepanda na mzigo, turbo imeiva, unazima ghafla: oili inasimama palepale, inaungua, inaacha masizi. Iache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili, muda wa kununua hindi la kuchoma. Wanaosema hawana dakika mbili ndio haohao hukaa siku nne wakingoja turbo kutoka Lubumbashi.

4. “Huku juu hewa ni nyembamba.”
Hapa fundi ananyamaza, maana mteja kasema kweli. Likasi iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 14. Injini isiyo na turbo inapanda mlima ikiwa na njaa. Turbo ndogo, iliyopimwa kurudisha kile tu ambacho mwinuko umeiba, mimi naiunga mkono. Lakini nani aliyewahi kurudishiwa deni lake huku akiona sanduku liko wazi, asidai riba?

3. “Mbona Safari Rally walikimbia na turbo?”
Walikimbia, papa, tena walishinda. Ila uliza ni nani. Mwaka 1983, magari ya Audi Quattro, yenye turbo na nguvu ya magurudumu manne, yaliachwa nyuma na Opel Ascona 400 ya Ari Vatanen isiyo na turbo kabisa. Kisha Toyota Celica yenye turbo, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ikashinda mara tatu mfululizo: Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Peugeot 205 T16 ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986, lakini Kenya hiyo miaka miwili haikuipa kombe. Audi nayo ilipata ushindi wake mwaka 1987 kwa Audi 200, gari kubwa lenye sura ya kumpeleka mkurugenzi kazini. Sasa wewe unataka turbo ya bingwa wa dunia ili uwahi soko la Likasi.

2. “Hii ni Land Cruiser, haifi.”
Kauli hii imelisha magaraji mengi kuliko ajali. Ile injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, inayobeba nusu ya Katanga mgongoni, Toyota waliiunda bila turbo, na waliiunda hivyo kwa makusudi. Inabana hewa zaidi ya mara 22. Dada yake 1HD-T, aliyezaliwa na turbo, anabana kama mara 18 na nusu, na chini ya kila pistoni ana kijibomba kinachorusha oili ya kuipoza. 1HZ hakuzaliwa na turbo. Ukimfungia turbo atakwenda, tena atakwenda vizuri mno, ndiyo hatari yenyewe. Pistoni ni ya aloi ya alumini, na alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ndiyo maana fundi mwenye aibu hufunga kwanza geji ya joto la moshi, ndipo afunge turbo. Mteja naye huuliza kama pesa ya geji haiwezi kuingia kwenye spika. (Na tafadhali, usimsikilize rafiki yako mwenye Subaru ya esansi: kwake mafuta yakipungua ndipo pistoni inaungua, kwako yakizidi.)

1. “Lakini jana lilipanda vizuri!”
Jana, ndiyo. Joto haliui siku ya kwanza. Linachora ufa mwembamba kwenye hedi, kesho linauongeza. Mjomba wangu alifungiwa turbo, akageuza skrubu ya mazutu mwenyewe usiku ili fundi asimuone. Miezi mitatu aliyapita malori yote ya shaba, akipiga honi na kuwapungia mkono mashofere. Mwezi wa nne tulimkuta kando ya reli, maji ya rejeta yakitoka kwa njia ambayo si ya maji. Lori lililomvuta hadi Likasi alikuwa amelipita asubuhi hiyohiyo. Shofere alimtambua kwa honi, na njia nzima akaendesha kilomita ishirini kwa saa, akimpungia mkono dirishani.