Mhadhara wa Hali ya Juu Kuhusu Tanga Lisilotaka Kupanda

Waheshimiwa manahodha, mabaharia wenzangu, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna chai: ketini. Mbele yenu amesimama Mtaalamu Mkuu wa Matanga ya Kuviringishwa, Hori ya Kilifi na vitongoji vyake, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana mpinzani.

Mada yetu ni tanga la mbele la yoti, lile ambalo ukingo wake huingizwa kwenye mfuo wa bomba la alumini, likatwekwa, kisha likaviringishwa kulizunguka bomba hilo kama mkeka. Wenye majahazi mnacheka. Ninyi mnatweka foromali zenu kwa wimbo na misuli, basi. Huku kwetu ni sayansi. Tanga hupanda vizuri hadi nusu ya mlingoti, halafu linagoma. Henza inakaza, winchi inalia, na mwenye chombo anaanza kumtazama mkewe kwa lawama.

Kanuni yangu ya kwanza: tanga likigoma, ongeza nguvu. Wapo wasio na adabu watakaowaambia muiache winchi papo hapo, eti utepe wa ukingo utachanika. Juzi kijana mmoja, kazi yake kukwangua magamba chini ya vyombo, alinikatiza katikati ya sentensi, akamulika tochi kwenye mdomo wa mfuo, akachokoa kwa waya. Likaanguka bonge la udongo. Chombo kilikuwa kimelala msimu mzima wa kusi, na nyigu wamejenga humo. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nilinyamaza kwa ajili ya malezi yake.

Kanuni ya pili ni ulainishaji. Niliamuru mfuo upakwe sifa, mafuta ya papa ambayo wazee wamepaka majahazi tangu enzi na enzi. Harufu yake ilikuwa ya heshima. Kijana akadai mafuta hunasa vumbi na chumvi. Akakata kipande cha utepe wa tanga kuukuu, akakifunga kamba juu na chini, akakichovya kwenye maji ya sabuni, akakivuta ndani ya mfuo kwenda na kurudi. Kilitoka na uji mweusi wa chumvi, mchanga na sifa yangu. Kisha akapuliza silikoni kavu, kitu kisicho na harufu wala historia.

Hakuishia hapo. Akataka omo ielekezwe kwenye upepo na demani ilegezwe, ili tanga lisijae likabana mfuo. Akalikunja sitahani mikunjo ya kwenda na kurudi, mmoja akalisha ukingo mdomoni, mwingine akavuta henza kwa mkono mtupu. Tanga likapanda, zikabaki mita mbili tu ngumu. Winchi yangu haikuguswa. Nililichukulia hilo kama dharau kwa taaluma nzima.

Sasa kanuni ya tatu, kilele cha elimu yangu: kutenganisha makosa. Vua tanga, upandishe peke yake ile pete inayozunguka, inayobeba ncha ya tanga. Ikiwa nzito, shuku henza na kapi ya kileleni. Ikiwa nyepesi, ugonjwa uko kwenye mfuo au kwenye tanga lenyewe. Kijana akasema nisubiri alete kamba ya kufunga chini ya pete. Mtaalamu hasubiri kamba. Nilivuta, na pete ikapaa kwa wepesi wa ajabu mpaka juu kabisa, hivyo nikathibitisha kwamba henza na kapi ni nzima. Kamba ile, nimearifiwa baadaye, ilikuwa ya kuiteremshia.

Ada ya mhadhara ni shilingi 500 kwa kichwa, na chai hailipiwi. Kama yupo kati yenu mwepesi wa mwili, asiyeogopa urefu wa mita 14, tafadhali abaki. Akifika huko juu akaze na skrubu za maungio ya bomba, maana vipande vikiachana utepe hukwama hapo hapo. Hilo pia nilikuwa nalijua.