Flati ya Upanga na Dalali Asiyepokea Simu

Ukiishi Muscat huku unauza nyumba Dar es Salaam, siku ya kushughulika ni Ijumaa. Huku ni mapumziko, kule ofisi ziko wazi, na saa zimepishana kwa saa moja tu. Kwa hiyo Ijumaa, vikombe vya chai vikiwa bado mezani, mume wangu alikuwa akimpigia dalali wetu. Simu inaita mpaka inakatika. Baadaye unamwona yuko hewani, ujumbe ameusoma, tiki zimekuwa za buluu, jibu hakuna.

Mwanzoni maneno alikuwa nayo. "Dada, usiwe na presha, mteja ninaye, anasubiri makontena yake yatoke bandarini." Makontena hayakutoka. Akaja mteja mwingine, mtu mzito, naye akapata msiba Mwanza. Baada ya hapo kimya.

Kilichoniuma ni kwamba karatasi zetu zilikuwa kamili. Flati ilikuwa na hati yake, chini ya sheria ya 2008 inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo la ghorofa. Hati ilikuwa na jina langu, lakini mume wangu alishasaini ridhaa, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Mama mdogo, anayeishi Tanga, tulimpa uwakili kwa hati iliyothibitishwa ubalozini. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mlango. Mthamini hathamini nyumba akiwa ngazini, na bila ripoti yake hati haihamishiki. Funguo alikuwa nazo dalali.

Safari moja alijibu. Akaandika kwamba flati imefungwa tangu tuondoke, umeme umekwisha, wateja wakija jioni hawaoni kitu. Nikamwomba mama mdogo aninunulie LUKU kwa simu yake, namba ya mita ninayo. Akanirushia ujumbe wa tokeni jinsi ulivyomjia. Nikausoma mara ya kwanza nikiangalia uniti, mara ya pili nikiangalia makato. VAT ilikuwemo, tozo za REA na EWURA zilikuwemo. Kodi ya jengo haikuwemo.

Tangu 2021 kodi hiyo hukatwa humo humo kwenye LUKU, unaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi. Usiponunua, deni linajilimbikiza, na siku ukinunua linakatwa. Flati iliyokaa gizani muda wote ule ilipaswa kutukata deni zito. Haikukata hata senti. Maana yake mwezi ule kulikuwa na mtu ameshanunua, na miezi ya nyuma vilevile. Nikamwonyesha mume wangu. Akakaa, akasema, "Kuna watu ndani."

Mama mdogo alipanda basi la alfajiri kutoka Tanga bila kumwambia dalali. Alipogonga, alifungua binti mwenye kitoto kichanga begani. "Shikamoo mama, karibu ndani." Sebuleni kulikuwa na godoro jipya ambalo nailoni yake ilikuwa haijatolewa upande mmoja, na dirishani khanga imefungwa badala ya pazia. Mumewe alikuwa kazini. Binti akaingia chumbani, akatoka na mkataba uliokunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto: kodi ya miezi sita imelipwa mbele, na aliyesaini kama mwenye nyumba ni dalali wetu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na risiti ya mkataba wa awali kama huo. Kumbe ndiyo sababu mteja hakupatikana. Flati ikiuzwa, dalali anapata asilimia zake mara moja. Isipouzwa, anakula kila nusu mwaka.

Mume wangu, kwa hasira, alitaka watoke wiki ile ile. Mama mdogo hakukubali. "Mwanangu, huyu amejifungua juzi na pesa yake ametoa. Aliyewaibia nyinyi ndiye aliyemwibia na yeye." Namshukuru mpaka leo kwa maneno yale, kwa sababu sisi tulikuwa mbali na hatukumwona yule mtoto. Tukakubaliana mkataba uishe kwa tarehe yake, na tangu siku hiyo mlango ukawa unafunguliwa. Mthamini alipokuja alipokewa na binti. Wateja walioletwa na mlinzi wa getini walikuta pamefagiwa.

Aliyenunua ni mama mmoja wa ghorofa ya chini yake, aliyekuwa akitafuta mahali pa kumweka mwanawe karibu. Tulimpunguzia bei kidogo, naye akaandika kwenye mkataba wa mauzo kwamba wapangaji hawatatolewa kabla ya muda wao. Kodi ya faida ilituuma: mkazi wa nchini hutozwa asilimia 10, asiye mkazi hutozwa zaidi, na sisi huku tunahesabiwa si wakazi. Tulilipa, hati ikahama.

Dalali aliitwa serikali ya mtaa. Alikuja, akakiri mbele ya mwenyekiti, akaandikishwa kurudisha fedha kwa awamu. Awamu ya kwanza ameleta. Ya pili mwenyekiti anaifuatilia, na nakala ya maandishi yale iko Tanga kwa mama mdogo.