Mpate Mhasibu Bila Kutangaza Kazi

Tangazo acha. Ukitangaza nafasi moja ya mhasibu Mwanza, utaletewa maombi ya walimu, madereva na wapishi, na kila mmoja ni mchapakazi asiyehitaji kusimamiwa. Sogea nikuoneshe njia ya mkato.

Kwanza, mjue mtu. Mtu anapenda kuonekana. Aliyesota na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, hakubali jasho lake lipotee: ataweka CPA mbele ya jina lake. Mhandisi naye ni "Eng." mpaka kwenye kadi ya harusi. Basi usitafute "mhasibu". Tafuta anavyojiita mwenyewe.

Pili, ingia Google uandike hivi:

filetype:pdf "curriculum vitae" CPA Mwanza -vacancy

Neno la mwanzo linaleta mafaili ya PDF peke yake, yaani CV zenyewe. Alama za nukuu zinayafunga maneno mawili yasiachane. Kistari kinafukuza matangazo ya kazi, lakini kigandishe kwenye neno. Ukiacha nafasi katikati, hakifukuzi kitu. Ukitaka Mwanza au Geita, weka OR katikati, kwa herufi kubwa.

Tatu, LinkedIn. Akaunti ya bure ukiitumia sana kutafuta watu, inakubania mpaka mwezi uishe. Pitia mlango wa nyuma: rudi Google, andika site:linkedin.com/in CPA Mwanza. Wasifu ambao wenyewe wameruhusu uonekane wazi utauona.

Unatafuta mtengeneza programu? Nenda GitHub, upande wa watumiaji, andika location:"Dar es Salaam" language:python. Huko husomi sifa, unasoma kazi yake.

Nne, na hapa wengi hawafiki: ratiba za makongamano. Nyingi huachwa mtandaoni kama PDF. Humo kuna jina, cheo, taasisi na mada aliyowasilisha. Mtu aliyesimama mbele ya wenzake kueleza ukaguzi wa hesabu za vyama vya ushirika ameshajifanyia usaili nusu.

Sasa piga simu. Anza na ile mada yake. Isome kweli, maana atakuuliza. Kisha mwambie ulikompata, kabla hajauliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, na CV iliyosahaulika mtandaoni bado ni ya mwenyewe.

Akikataa, mshukuru, kisha futa namba yake.