Begeli Iliyogeuka Togwa

Mke wangu ni mtu wa Songea, na kwa watu wa Songea togwa si kinywaji, ni uraia. Ndiyo maana Jumamosi ile alfajiri hakushtuka aliponikuta jikoni nimesimama mbele ya beseni la unga uliokuwa umeumuka, ukasukuma kifuniko, na sasa unateremka pembeni mwa meza taratibu kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Alichovya kidole, akaonja, akafumba jicho moja.

"Togwa," akasema. "Ya ngano. Bado haijachachuka vizuri."

Haikuwa togwa. Zilikuwa begeli. Angalau ndivyo nilivyokusudia.

Tunaishi Queens, New York, ambako begeli zinauzwa kila kona kama vile mihogo ya kukaanga inavyouzwa kwetu Tanga. Ni mkate wa duara wenye tundu katikati. Unachemshwa kwanza kwenye maji, ndipo unaokwa, na ukiutafuna unakurudishia ubishi. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayeishi dakika mbili kutoka kwenye duka la begeli, aamue kuzitengeneza mwenyewe? Kwa sababu ya binti yangu, na kwa sababu ya risiti.

Binti ana miaka 15. Mwezi Septemba alitangaza mezani kwamba amekuwa vegani: hali nyama, samaki, yai, maziwa, wala asali. Nilipompigia Mama simu kumpa habari, aliniuliza swali moja tu: "Amefunga mpaka lini?" Nikamweleza kwamba hajafunga, ni uamuzi. Akanyamaza, kisha akauliza kama ni mwiko wa ukoo wa mama yake, maana upande wetu haupo.

Basi binti akaalika wenzake watatu wa shule waje kunywa chai Jumapili. Alitaka begeli zenye jibini ya vegani. Nikaenda dukani kuulizia bei, nikarudi na begeli moja ya kuonja na risiti niliyoisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Unga, maji, chumvi! Mimi ni mtoto wa muuza mahamri. Mama yangu amekanda unga Ngamiani, Tanga, kila alfajiri kwa zaidi ya miaka ishirini, akanisomesha kwa mahamri na mbaazi za nazi. Nilijua kwamba kazi hiyo imo kwenye damu yangu. Wakati huo bado niliamini kuwa ujuzi hurithiwa kama pua.

Wiki nzima nilihangaika na yale ambayo binti hali. Nilitafuta cha kuweka mahali pa yai. Nilinunua mbegu za kitani, nikazisaga, nikazilowanisha zikawa kama makamasi. Nilihifadhi maji yaliyochemshiwa dengu, nikayapiga kwa mchapo mpaka yakatoa povu jeupe, nikamwita mke wangu aje aone muujiza. Akaona, akaniuliza dengu zenyewe ziko wapi. Nilikuwa nimezisahau jikoni tangu jana yake.

Asali ilikuwa kesi nyingine. Mapishi ya kwanza niliyoyapata yalikuwa ya mtindo wa Montreal, ambako begeli huchemshwa kwenye maji yenye asali na kuokwa kwa moto wa kuni. Kuni sina, na asali imepigwa marufuku. Mtindo wa New York unatumia shira ya kimea cha shayiri. Nilipoliona neno kimea moyo ukatulia. Shira naijua kwenye kaimati. Kimea nakijua kwa wakwe.

Duka la karibu halikuwa na shira hiyo. Lakini kabatini kwetu palikuwa na mfuko wa kimea cha ulezi ambao shemeji alituletea kutoka Songea, umefungwa kwa mafundo matatu, na mke wangu huutumia kwa vijiko kama dawa. Mapishi yalitaka kijiko kimoja cha shira. Nikawaza: shira ni nzito, unga ni mwepesi, na kimea ni kitu chema. Nikatia kikombe.

Wanaopika togwa wameshashika kichwa. Kwa ambao hawajawahi: unapika uji mzito wa mahindi, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha unatia kimea. Punde si punde ule uji unalegea machoni pako na kuanza kuwa mtamu bila sukari, kwa sababu mbegu iliyochipua ina vimeng'enya vinavyokatakata wanga na kuugeuza sukari. Ile shira ya dukani imepikwa, vimeng'enya vyake vimeshakufa, kazi yake ni utamu, rangi na harufu tu. Kimea changu kilikuwa hai, kina njaa, na nilikilaza usiku kucha ndani ya kilo moja ya ngano.

Mapishi yalisema kinyunga kilale kwenye friji. Friji ilikuwa imejaa masufuria, kwa hiyo nikakilaza mezani, karibu na rejeta. Kwenye majengo ya zamani ya New York joto la rejeta linaamuliwa na mwenye nyumba. Mpangaji mamlaka yake ni kufungua dirisha. Sikufungua. Hamira ikapanda, kimea kikala, na alfajiri ndiyo nikakutana na yule mgeni anayeteremka mezani.

Binti aliamka, akatazama beseni, akanitazama mimi. "Lakini bado ni vegani, Baba," akasema kwa upole, kama daktari.

Mke wangu hakutupa kitu. Alichota ile rojo, akakata kitunguu na pilipili, akaweka kikaango jikoni, akatukaangia chapati za maji. Zilikuwa na utamu wa ajabu na zilishika kwenye meno kidogo. Tulikula zote tukiwa tumesimama. Mfuko wa kimea ukahamishiwa mahali ambapo mpaka leo sijaoneshwa.

Mchana huo nilipanda treni vituo vinne, nikanunua shira yenyewe: nyeusi, inata, inanuka mkate ulioungua kidogo. Nilinunua pia unga wa ngano wenye protini nyingi, asilimia 14 hivi, kwa sababu begeli inataka unga wenye kani. Binti akanipokonya vipimo. Alikuwa ameniona nikikadiria kwa macho, akaleta mizani: unga gramu 500, maji gramu 280, chumvi gramu 10, hamira kijiko kimoja cha chai, shira kijiko kimoja cha chakula. Kijiko. Alilirudia neno hilo akiniangalia.

Maji gramu 280 kwa unga huo ni machache mno. Mtu aliyezoea kinyunga cha chapati, kile cha kuvutika kama ncha ya sikio, atadhani ameibiwa. Kinyunga cha begeli ni udongo wa mfinyanzi. Mashine yetu ya kukandia ilizunguka dakika mbili, ikaguna, ikatoa harufu ya waya, nikaizima kabla hatujaizika. Nikakanda kwa mikono. Dakika ya tano kiwiko kilianza kulalamika. Dakika ya kumi nilimkumbuka Mama na Ngamiani, nikatamani kumpigia simu nimwombe radhi kwa kila andazi nililowahi kulitupa.

Kisha kuna tundu. Unakata kinyunga vipande vinane, unaviringisha kila kipande kuwa kamba, unaizungushia kiganjani, halafu unabiringisha kiungo mezani mpaka ncha zishikane. Binti alifanya hivyo. Mimi nikaona huo ni urembo, nikatoboa zangu kwa kidole gumba. Safari hii zililala kwenye friji, masufuria yakalala mezani. Asubuhi zangu zilikuwa zimefumba. Pale palipokuwa na tundu palibaki kitovu.

Kuna jaribio: unaweka begeli moja kwenye bakuli la maji baridi, ikielea iko tayari. Ya kwanza ilizama kama nanga. Tukangoja. Baada ya dakika ishirini tukaijaribu tena, ikazama, ikafikiri, ikapanda. Tulishangilia kwa sauti ambayo haikuwa ya saa moja asubuhi.

Maji ya sufuria niliyatia shira yakawa na rangi ya chai ya rangi. Sekunde thelathini upande huu, sekunde thelathini upande ule. Kule kuchemsha ndiko kunakoivisha ganda la nje na kulikaza kabla ya tanuri, ndiyo maana begeli haiumuki hovyo kama mkate wa boflo, na ndiyo maana inang'aa. Za binti zilielea kama maboya. Mbili kati ya zangu, nilizojaribu kuziokoa kwa kuzikata na kuziunga upya, ziliachia mikono majini. Moja ikawa herufi C. Nyingine ilinyooka kabisa, ikawa inazunguka sufuriani kama mkunga.

Nikapaka maji ya dengu juu, kwa unadhifu mkubwa, nikanyunyizia ufuta na mbegu za mpopi, nikatandika karatasi kwenye sinia, nikasukuma ndani ya tanuri la nyuzi 230.

Karatasi. Kuna karatasi ya kuokea, na kuna karatasi iliyopakwa nta, ya kufungia vyakula. Kwenye droo yetu zinakaa pamoja, zote nyeupe, zote kwenye maboksi marefu. Hiyo ya pili haipendi nyuzi 230. Ilianza kufuka moshi mwembamba wa heshima, kisha mnene, na king'ora cha dari kikaamka. Mke wangu alifungua madirisha yote akipeperusha khanga. Mimi nilipanda kiti kukinyamazisha king'ora. Katikati ya vurugu hizo binti alisimama mlangoni, uso umebadilika.

"Baba, hiyo nta si ya nyuki?"

Nilisoma boksi juu ya kiti, machozi yakinitoka. Ilikuwa parafini. "Ya mafuta ya petroli!" nikapiga kelele. Akashusha pumzi. Sijawahi kumwona mtu akifurahia petroli kiasi kile.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, mzee Myahudi aliyezaliwa mjini humu, amevaa kanzu ya kulalia na ndara. Nilianza kuomba msamaha kwa moshi, lakini yeye alikuwa anatazama sinia. Akaomba moja. Nikampa ya binti. Nami nina haya. Akaigeuza, akaona karatasi imeng'ang'ania chini, akacheka mpaka akashika mlango.

Baba yake, akasema, alikuwa mwoka begeli, mwanachama wa Local 338, kile chama cha waoka begeli wa New York ambacho nafasi zake zilirithiwa na watoto wa kiume. Walifanya kazi usiku kwenye vyumba vya chini ya ardhi, mbele ya tanuri, vifua wazi. Mashine za kuviringisha begeli zilipoingia miaka ya 1960, kazi ile ikafa, naye jirani yangu akawa fundi bomba. Nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyohangaika kutoa yai na maziwa.

"Nani alikwambia vimo?" akauliza. "Begeli ya maji ni unga, maji, chumvi, hamira na kimea. Haikuwa na yai wala maziwa toka mwanzo."

Wiki nzima. Mbegu za kitani, dengu, povu. Nilikuwa nimevitoa vitu ambavyo havikuwamo.

Kilichohitaji akili ni jibini, na hiyo aliitengeneza mke wangu: korosho zilizolowekwa usiku kucha, ndimu, chumvi, kitunguu saumu, vikasagwa vikawa laini kama samli iliyoganda. Pakiti ilisema korosho zimetoka Vietnam. Inawezekana. Inawezekana pia zilianzia Mtwara zikiwa na maganda, zikabanguliwa ugenini, maana korosho zetu nyingi husafiri hivyo kabla hazijaja kuuzwa kwa bei ya dhahabu. Nilitaka kuwahutubia wageni jambo hilo. Binti alinitazama, nikamimina chai.

Wageni walikula. Wawili walichuna karatasi kimyakimya. Wa tatu nadhani aliila. Ile mkunga iligombaniwa. Sinia likabaki ufuta mtupu.

Jioni nilimpigia Mama. Nikamwambia kwamba hizi begeli zina asili: Wayahudi wa Kraków, Polandi, walikuwa nazo mwaka 1610, na kanuni zao za wakati huo zinazitaja kama zawadi ya kumpelekea mzazi aliyetoka kujifungua. Mama alifikiri. "Sisi mzazi tunampa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku," akasema. "Huyo wa mkate mgumu, alikuwa amekosa nini?"

Lakini mimi nilikuwa nimempigia kwa jambo jingine. Kabla ya kuondoka yule mzee alinipa siri: baba yake hakutumia karatasi kabisa. Begeli zikitoka majini zilipangwa kwenye mbao zilizofunikwa gunia lililoloweshwa, zikaingizwa tanurini, baada ya dakika chache zikapinduliwa. Haziwezi kushika. Gunia! Na mimi mtoto wa Tanga, mji wa mkonge.

"Mama," nikasema, "kuna mtu anakuja huku mwezi ujao. Naomba unipatie gunia la mkonge. Jipya, lisiwe limebeba mkaa."

"Gunia la nini? La mchele?"

"Tupu."

"Tupu?"

"Tupu, Mama. Nataka gunia lenyewe."

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka, ile sauti yake ya kuongea na wagonjwa.

"Mwanangu," akasema, "niambie ukweli. Kazi bado ipo?"