Sifa za Jipsamu, Mwumbuaji wa Nyumba

Kiamunyi, Lanet na kwingineko Nakuru, nyumba mpya haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka dari yake iwe ya jipsamu. Mwenye nyumba anayetaka kuokoa pesa ya fundi, akaipiga mwenyewe Jumamosi, afahamu kwamba anamkaribisha mtukufu.

Uungwana wake wa kwanza ni kukutanisha watu. Bodi moja ina mita 1.2 kwa 2.4, na mtu mmoja haiwezi. Basi huitwa shemeji, jirani, hata kijana wa bodaboda aliyeleta skrubu, wote wasimame mikono juu kama waliokamatwa, huku mwenye kazi akitafuta drili aliyoishika.

Pili, haijui kumsitiri mtu. Ukuta uliopinda, ambao plasta iliuficha kwa miaka, huumbuliwa na pengo la vidole viwili pembeni. Bati lenye tundu moja tu la msumari huchorewa ramani ya rangi ya chai mvua za Aprili zikianza. Na mbao za saipresi zilizonunuliwa mbichi kwa kuwa ni rahisi? Zikikauka hujikunja, na ufa hufuata maungio yaleyale yaliyopakwa filla kwa fahari. Lakini hili ni Bonde la Ufa: Januari 6, 1928, tetemeko la Subukia lilifikia kipimo cha 6.9. Mwenye dari iliyopasuka ana kisingizio chenye umri wa mamilioni ya miaka, na jirani gani atakwenda kukipima?

Jambo moja halina mzaha. Karibu moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Moto ukiishambulia, maji hayo hugeuka mvuke, na joto la upande wa pili hukawia karibu na nyuzi 100 mpaka yaishe. Augustine Sackett, Mmarekani aliyepata hataza ya bodi ya karatasi na plasta mwaka 1894, anastahili shukrani ya kweli hapo.

Shukrani ya vumbi apewe nani, haijulikani. Msasa ukipita, vumbi huingia kabatini, kwenye Biblia na kwenye sufuria ya githeri bila ubaguzi. Hatimaye taa za pembeni huwashwa. Mwanga ukiambaa dari, kila kinundu cha filla hupata kivuli chake, na wageni ambao hawajawahi kutazama juu maishani mwao huinua macho wote pamoja.